Ukokotoaji wa gharama za bidhaa

Ukokotoaji wa gharama za bidhaa ni sehemu ya uhasibu inayotafuta kiasi cha fedha kinachotumika kutengeneza bidhaa moja au kutoa huduma moja. Utaratibu wa kukusanya gharama, kuzipanga na kuzigawa kwa bidhaa huitwa mfumo wa gharama. Kazi hiyo ni ya uhasibu wa menejimenti, yaani uhasibu unaowahudumia wale wanaoendesha shughuli. Uhasibu wa fedha, kwa upande wake, huandaa hesabu kwa ajili ya wenye hisa, benki na mamlaka ya kodi.

Swali "bidhaa hii imegharimu kiasi gani?" huonekana jepesi, lakini mara nyingi halina jibu moja. Mbao zilizotumika katika dawati zinapimika. Kodi ya banda ambamo dawati hilo limetengenezwa pamoja na vitu vingine haipimiki hivyo; hugawanywa kwa kanuni iliyochaguliwa na watu. Kanuni ikibadilika, gharama ya dawati hubadilika pia, hata kama matumizi ya karakana hayakuongezeka wala kupungua kwa shilingi moja. Kwa kuwa bei, zabuni na uamuzi wa kuacha au kuendeleza bidhaa hutegemea hesabu hiyo, kanuni mbaya inaweza kuifanya biashara ikimbie kazi yenye faida na kung'ang'ania kazi yenye hasara.

## Makundi ya gharama

Gharama hupangwa kwa njia mbalimbali kulingana na jambo linalotafutwa. Mipangilio miwili ndiyo ya msingi.

Wa kwanza hutazama uhusiano wa gharama na bidhaa:
* Gharama za moja kwa moja ni zile zinazoweza kuonyeshwa wazi kuwa zimetumika kwa bidhaa fulani, kama vile malighafi na ujira wa fundi aliyeitengeneza.
* Gharama za jumla ni zile zinazohudumia bidhaa nyingi kwa pamoja, kama vile kodi ya banda, mshahara wa msimamizi, ulinzi, bima na uchakavu wa mashine.

Wa pili hutazama jinsi gharama inavyobadilika kiasi cha uzalishaji kinapobadilika:
* Gharama zinazobadilika hupanda na kushuka pamoja na idadi ya bidhaa. Mkate mmoja zaidi unahitaji unga zaidi.
* Gharama zisizobadilika hubaki zilezile kwa kipindi fulani. Mwenye nyumba hudai kodi hata kama mwezi huo hakuna mkate uliookwa.

Ziko pia gharama mchanganyiko, kwa mfano ankara ya umeme yenye tozo ya kudumu ya mwezi pamoja na malipo ya kila uniti iliyotumika.

Mipangilio hii miwili isichanganywe. Gharama za jumla si lazima ziwe zisizobadilika: umeme wa mashine inayotumiwa kwa bidhaa nyingi ni gharama ya jumla, na bado huongezeka kadiri mashine inavyofanya kazi.

## Historia

Wafanyabiashara wamekuwa wakiweka hesabu za gharama tangu zamani, lakini haja ya kujua gharama ya kila bidhaa ilikua pamoja na viwanda. Mfano unaojulikana sana ni wa Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha ufinyanzi huko Staffordshire, Uingereza. Mwaka 1772, wakati wa msukosuko wa mikopo uliopunguza wateja, alizichunguza hesabu zake kwa undani. Aligundua kwamba baadhi ya gharama, kama kodi na mishahara ya makarani, ziliendelea vilevile hata vyombo vilivyotengenezwa vilipopungua. Uchunguzi huohuo ulifichua udanganyifu katika ofisi yake.

Katika karne ya 19 kampuni za reli na za chuma nchini Marekani ziliendeleza kazi hiyo. Andrew Carnegie, aliyejifunza utunzaji wa hesabu akiwa mfanyakazi wa reli, alisifika kwa kudai taarifa za gharama za kila hatua ya kutengeneza chuma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Alexander Hamilton Church aliandika kuhusu ugumu wa kugawa gharama za jumla, naye G. Charter Harrison aliendeleza mfumo wa gharama sanifu. Mwaka 1919 vyama vya wahasibu wa gharama vilianzishwa Uingereza na Marekani. Mwaka 1923 mwanauchumi John Maurice Clark alieleza kwamba gharama inayofaa kwa uamuzi mmoja huenda isifae kwa uamuzi mwingine. Wazo hilo limebaki kuwa msingi wa somo hili.

Mwaka 1987 H. Thomas Johnson na Robert S. Kaplan walichapisha kitabu kilichodai kwamba uhasibu wa menejimenti umepoteza manufaa yake kwa mameneja. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba viwanda viliendelea kugawa gharama za jumla kwa saa za wafanyakazi, ilhali mashine zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka uliofuata Kaplan na Robin Cooper walieneza mfumo wa kugawa gharama kwa shughuli, ambao umeelezwa hapa chini.

## Mifumo kulingana na aina ya uzalishaji

### Mfumo wa kazi

Mfumo huu hutumika pale ambapo kila kazi ina sura yake: gereji, kiwanda cha uchapaji, fundi ujenzi. Kila kazi hufunguliwa kadi yake, na katika kadi hiyo huandikwa vifaa vilivyotolewa stoo, saa za mafundi na sehemu ya gharama za jumla. Bidhaa zinazofanana zikitengenezwa kwa mafungu, kama sare za shule, kadi hufunguliwa kwa fungu zima, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya bidhaa.

### Mfumo wa mchakato

Pale ambapo bidhaa zinazofanana hutiririka bila kukoma, kama saruji, sukari au sabuni, haiwezekani kufungua kadi kwa kila moja. Gharama hukusanywa kwa kila hatua ya uzalishaji, kisha hugawanywa kwa idadi ya bidhaa zilizopita katika hatua hiyo.

Ugumu hutokea mwisho wa mwezi, baadhi ya bidhaa zinapokuwa hazijakamilika. Hapo hutumika vipimo linganifu. Tuseme hatua moja ya kiwanda cha sabuni imetumia shilingi 4,500,000. Katoni 800 zimekamilika na nyingine 200 zimefika nusu. Katoni 200 zilizofika nusu ni sawa na katoni 100 kamili, hivyo kazi yote ni sawa na katoni 900. Gharama ya katoni moja ni 4,500,000 ÷ 900, yaani shilingi 5,000.

### Bidhaa zitokazo pamoja

Wakati mwingine malighafi moja hutoa bidhaa zaidi ya moja. Mbegu za alizeti zikikamuliwa hutoa mafuta na mashudu. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha ni sehemu gani ya bei ya mbegu ilinunua mafuta na ipi ilinunua mashudu. Njia za kawaida ni kugawa gharama kwa uzito, kugawa kwa thamani ya mauzo, au kuichukulia bidhaa ndogo kama ya ziada na kupunguza mapato yake kutoka katika gharama ya bidhaa kubwa.

## Kugawa gharama za jumla

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Karakana ya useremala hutengeneza madawati ya shule na makabati ya vioo. Mafundi hulipwa kwa saa. Hesabu za mwezi mmoja, kwa shilingi, ni hizi:

| | Dawati | Kabati |
|---|---|---|
| Idadi kwa mwezi | 200 | 20 |
| Malighafi kwa kila moja | 30,000 | 150,000 |
| Saa za fundi kwa kila moja | 4 | 20 |
| Ujira (3,000 kwa saa) | 12,000 | 60,000 |
| Gharama za moja kwa moja | 42,000 | 210,000 |
| Bei ya kuuzia | 58,000 | 300,000 |

Gharama za jumla za mwezi ni shilingi 3,600,000.

### Kwa kiwango kimoja

Njia ya zamani na rahisi ni kutumia kiwango kimoja kwa karakana nzima. Madawati hutumia saa 800 za mafundi na makabati saa 400, jumla saa 1,200. Kiwango ni 3,600,000 ÷ 1,200, yaani shilingi 3,000 kwa saa.

* Dawati: 42,000 + (4 × 3,000) = shilingi 54,000. Faida ni 4,000.
* Kabati: 210,000 + (20 × 3,000) = shilingi 270,000. Faida ni 30,000.

Kwa hesabu hii kabati ndilo linaloonekana kuleta faida nono. Shule ikiomba dawati kwa shilingi 53,000, mwenye karakana atakataa kwa kuwa anaona atapata hasara ya shilingi 1,000.

### Kwa shughuli

Mfumo wa shughuli huuliza kwanza ni kazi gani zinazokula gharama za jumla, kisha ni jambo gani linalosababisha kila kazi hiyo. Jambo hilo huitwa kisababishi cha gharama. Madawati hutengenezwa kwa mafungu makubwa ya aina moja. Kila kabati huwa na vipimo vyake, hivyo mashine hupangwa upya, na kila mteja hufuatiliwa peke yake.

| Shughuli | Gharama | Kisababishi | Dawati | Kabati |
|---|---|---|---|---|
| Kodi na ulinzi | 1,200,000 | Saa za mafundi (800 na 400) | 800,000 | 400,000 |
| Umeme na uchakavu wa mashine | 900,000 | Saa za mashine (100 na 200) | 300,000 | 600,000 |
| Kupanga mashine | 900,000 | Mara za kupanga (5 na 20) | 180,000 | 720,000 |
| Ukaguzi na ufuatiliaji wa oda | 600,000 | Idadi ya oda (4 na 20) | 100,000 | 500,000 |
| Jumla | 3,600,000 | | 1,380,000 | 2,220,000 |
| Kwa bidhaa moja | | | 6,900 | 111,000 |

Sasa dawati limegharimu shilingi 48,900 na kuleta faida ya 9,100. Kabati limegharimu shilingi 321,000 na kuleta hasara ya 21,000. Ile oda ya shilingi 53,000 iliyokataliwa ingeleta faida ya shilingi 4,100 kwa kila dawati.

Faida ya karakana nzima ni shilingi 1,400,000 kwa njia zote mbili. Ndiyo maana kosa la aina hii linaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana: hesabu za mwisho wa mwaka zinawiana, lakini ndani yake bidhaa moja inabebeshwa mzigo wa nyingine.

Mfumo wa shughuli una gharama zake pia. Unahitaji kumbukumbu nyingi zaidi, na muda wa wafanyakazi wa kuziandika. Kwa biashara yenye bidhaa moja, au bidhaa zinazotumia huduma kwa namna inayofanana, kiwango kimoja kinatosha.

## Gharama kamili na mchango

Hesabu zilizotangulia ni za gharama kamili, kwa sababu kila bidhaa imebeba sehemu yake ya gharama zote. Njia nyingine ni kuhesabu gharama zinazobadilika peke yake. Bei ikiondolewa gharama hizo, kinachobaki huitwa mchango, yaani mchango wa bidhaa katika kulipia gharama zisizobadilika na, zikishalipwa, katika faida.

Katika karakana yetu, tuseme gharama ya jumla inayobadilika ni umeme tu, shilingi 2,000 kwa saa ya mashine. Dawati hutumia nusu saa na kabati saa 10. Mchango wa dawati ni 58,000 – 42,000 – 1,000 = shilingi 15,000. Mchango wa kabati ni 300,000 – 210,000 – 20,000 = shilingi 70,000.

Je, makabati yaachwe kwa kuwa yana hasara? Makabati 20 huleta mchango wa shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Yakiachwa bila kazi nyingine kuchukua nafasi, mchango huo wote hupotea, huku kodi, ulinzi na mishahara ikiendelea kudaiwa. Faida ya karakana ingeshuka kutoka shilingi 1,400,000 hadi sifuri.

Hali ni tofauti ikiwa saa 400 zinazoachwa zitapata kazi. Saa hizo zinatosha kutengeneza madawati 100, yenye mchango wa shilingi 1,500,000. Kwa hiyo makabati yanafaa kuachwa pale tu oda za angalau madawati 94 ya ziada zimepatikana. Njia nyingine ni kupandisha bei ya kabati, au kupunguza aina za vipimo ili mashine zisipangwe upya kila mara.

Hesabu ya shughuli imeonyesha mahali pa kutazama. Hesabu ya mchango imeonyesha matokeo ya hatua itakayochukuliwa. Anayesoma moja bila nyingine anaweza kufunga sehemu ya karakana inayolipa kodi ya karakana nzima.

Kwa hoja hiyohiyo, oda moja ya pekee inaweza kukubaliwa chini ya gharama kamili. Shule ikiomba madawati 30 kwa shilingi 47,000 wakati mafundi wana nafasi na mashine tayari zimepangwa kwa madawati, gharama ya ziada ni shilingi 43,000 kwa kila moja, na mchango wa oda ni shilingi 120,000. Masharti ni mawili: pawe na nafasi kweli, na wateja wa kawaida wasianze kudai bei hiyo. Biashara inayouza kila kitu kwa bei ya namna hii haitapata fedha za kulipa kodi.

## Mwezi wenye kazi kidogo

Tuseme oda zote zimepungua kwa nusu. Umeme unashuka kutoka shilingi 600,000 hadi 300,000, lakini shilingi 3,000,000 nyingine ziko palepale. Kwa kiwango kimoja, 3,300,000 ÷ 600 ni shilingi 5,500 kwa saa, na dawati linaonekana kugharimu shilingi 64,000. Mwenye karakana akipandisha bei ili kufidia, wateja watapungua zaidi, kiwango kitapanda tena, na hatimaye biashara itajifunga yenyewe.

Dawati halijawa ghali kulitengeneza. Kilichoongezeka ni gharama ya mashine na banda vilivyokaa bure. Kwa sababu hiyo kiwango huwekwa kwa kutumia uwezo wa kawaida wa uzalishaji, na gharama ya uwezo usiotumika huonyeshwa peke yake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IAS 2, kinachohusu thamani ya bidhaa zilizo ghalani, kinataka hivyohivyo: gharama za jumla zisizobadilika za uzalishaji hugawanywa kwa uwezo wa kawaida, na upotevu usio wa kawaida wa malighafi hauingizwi katika thamani ya bidhaa. Gharama za kuuzia nazo hubaki nje.

IAS 2 inataka gharama za uzalishaji zisizobadilika ziingizwe katika bidhaa zilizo ghalani. Matokeo yake ni kwamba kiwanda kinachozalisha kuliko kinavyouza huonyesha faida kubwa zaidi ya muda, kwa kuwa sehemu ya kodi na mishahara imelala ghalani pamoja na bidhaa. Msomaji wa hesabu anapaswa kutazama kama akiba ya bidhaa imepanda pamoja na faida.

## Gharama sanifu

Katika mfumo wa gharama sanifu huwekwa mapema kiasi kinachopaswa kutumika, kisha hulinganishwa na kilichotumika. Tuseme kila dawati lilipangiwa futi 20 za mbao kwa shilingi 1,200 kwa futi. Madawati 200 yalipaswa kutumia futi 4,000, yaani shilingi 4,800,000. Zilitumika futi 4,200 zilizonunuliwa kwa shilingi 1,250 kwa futi, jumla shilingi 5,250,000. Tofauti ni shilingi 450,000, nayo ina sehemu mbili:

* Tofauti ya bei: futi 4,200 × 50 = shilingi 210,000.
* Tofauti ya matumizi: futi 200 × 1,200 = shilingi 240,000.

Sehemu ya kwanza huulizwa kwa mnunuzi na ya pili kwa msimamizi wa karakana. Hata hivyo sababu zinaweza kuingiliana. Mnunuzi aliyenunua mbao mbichi kwa bei ndogo atasifiwa kwa tofauti nzuri ya bei, huku mafundi wakilaumiwa kwa mbao zilizopinda na kutupwa.

## Katika biashara ndogo

Methali ya Kiswahili husema *mali bila daftari hupotea bila habari*. Katika biashara ndogo gharama zinazosahaulika mara nyingi ni tatu: ujira wa mwenyewe na wa familia yake, uchakavu wa vifaa, na kodi ya eneo analolimiliki. Mama lishe anayehesabu mchele, mafuta na mkaa tu anaweza kuona faida kila jioni, kisha sufuria na jiko vikichakaa asiwe na fedha za kununua vingine. Daftari lenye safu tatu (vifaa vilivyotumika, saa za kazi, na gharama za mwezi zilizogawanywa kwa siku) linatosha kuanzia.

Afrika Mashariki somo hili hufundishwa vyuoni na hutahiniwa na bodi za kitaaluma, zikiwemo NBAA ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na KASNEB ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1969.